Kibao cha Wembe na Kidole Gumba Changu

Nilipostaafu ualimu hapa Rumonge, sikuwa tena na wa kumfundisha ila mke wangu. Nikaanza na upishi, kazi aliyokuwa ameifanya miaka thelathini bila msaada wangu. Nilienda sokoni kununua kibao chenye wembe cha kukatia mboga. Muuzaji alinionyesha kimoja chenye miguu ya mpira isiyoteleza, lakini mimi nikachukua kile kilichong'aa zaidi.

Jumapili ya ubatizo wa mjukuu wetu, niliwaita wanawake uani waje kuona kabichi inavyokatwa kisasa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, akatoa kipande cha plastiki kwenye boksi la kibao.

"Mukwe wangu, na hii iko ya nini?"

"Ni ya kushikia mboga, mama, ili wembe usikukate. Wamewawekea waoga."

Nikaanza kukata. Kabichi ilishuka nyembamba kama karatasi, wakashangilia, nami nikaongeza kasi. Kibao kikateleza, na ncha ya kidole gumba changu ikabaki kwenye kabichi.

Ukelele niliopiga nadhani ulifika hadi mji wa Minago. Mke wangu alinifunga kitambaa kama anavyomfunga mtoto, na hilo liliniuma zaidi. Kwenye zahanati, muuguzi aliponiuliza nimekatwa na nini, nikamwambia panga.

Niliporudi, watu walikuwa wanakula. Mama mkwe alikuwa amekata kabichi nyingine kwa kisu chake cha zamani, na wageni waliochelewa wakakisifu kibao changu wakidhani ndicho kilichoikata.

"Murakoze," nikawashukuru.