Plaki Iliyokwenda na Majani ya Samaki

Mpaka nafikisha miaka kumi na miwili, midomo yangu haikukutana. Meno ya juu yalitangulia mbele, maji ya kunywa yakanimwagikia kidevuni, na shuleni waliniuliza nacheka nini wakati sicheki. Mama alisema nimejiharibu mwenyewe kwa kunyonya kidole gumba. Papa aliyatazama tu meno yangu. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza.

Alifanya kazi hospitalini, hapa hapa Kisangani, kwa daktari wa meno, Mbelgiji mzee ambaye mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka. Kwenye karatasi, kazi ya papa ilikuwa kuosha vyombo na kukoroga plasta. Kwa kweli mzee yule alikuwa amemfundisha kukunja waya na kumimina resini ya kutengenezea vifaa vya kunyoosha meno, kwa kuwa vidole vyake mwenyewe havikumtii tena. Jambo hilo walilificha wote wawili. Enzi zile za Wabelgiji mtu mweusi hakuruhusiwa kushika kazi ile, na angejulikana angefukuzwa siku hiyo hiyo. Miaka yote papa hakumwomba daktari kitu. Alipoomba, aliomba kwa ajili ya mdomo wangu.

Walinijaza plasta kinywani ili kuchukua umbo la meno, nikadhani nakufa. Baada ya siku chache papa akanivalisha plaki: kibao chembamba cha rangi ya waridi kilicholala juu ya ulimi, kwenye kaakaa, na waya uliopita mbele ya meno. Kila majuma matatu aliukaza waya kidogo kwa koleo, daktari akiwa amesimama kando na mikono mfukoni.

Masharti ya papa nayajua mpaka leo kuliko Baba Yetu. Itauma siku tatu za kwanza, kula fufu laini na mchuzi, usiitoe. Mate yatajaa na herufi zitateleza, soma kwa sauti, ulimi utazoea. Itoe wakati wa kula tu. Ioshe kwa maji baridi na sabuni, maji ya moto yataipinda. Miwa, sahau. Na ikiwa nje ya mdomo, ikae ndani ya kopo lake, si mfukoni, si mezani, si popote pengine. Niliyafuata yote isipokuwa moja ambalo halikunifuata mimi: ulimi wangu haukuzoea, nikaendelea kusema kama mtu aliyeungua na chai.

Ilichukua zaidi ya mwaka, midomo ikakutana. Nilijitazama katika kila kioo cha dirisha mjini. Nilidhani tumemaliza, lakini daktari alisema tumefika nusu. Meno yamehama, akasema, lakini mfupa bado haujayashika, na yakiachwa yatarudi yalikotoka. Papa akatengeneza plaki nyingine, ya kuyashikilia tu: mwaka mzima usiku na mchana, kisha miaka ya kuivaa wakati wa kulala. Nilikasirika sana. Haukupita muda mzee akarudi kwao Ulaya moja kwa moja, akaja daktari kijana aliyelifunga kabati la resini kwa ufunguo na kuuweka mfukoni mwake.

Jumapili moja tulikwenda kula kwa koko, mama yake papa, aliyeishi na ndugu zake wavuvi kwenye maporomoko ya mto. Kwa koko hakuna kitu cha samaki kilichobaki nchi kavu. Liboke, samaki aliyepikwa ndani ya majani, ikishaliwa, alikusanya mwenyewe miiba pamoja na majani yake, akavirudisha majini, mto usije ukasema tumechukua tukageuza mgongo. Hilo nalijua tangu nikitambaa. Lakini binamu zangu walikuwepo, nikaona haya kutoa lile kopo mbele yao. Niligeuka pembeni, nikaitoa plaki, nikaifunga katika kipande cha jani safi, nikakiweka karibu na goti.

Nilipokumbuka, mkeka ulikuwa umeshakuwa safi. Koko alikuwa anapanda kutoka mtoni, anajifuta mikono kwenye kitenge.

“Kula tena, mutoto yangu,” akaniambia. “Samaki iko mingi.”

Nikala.

Nilinyamaza siku sita. Nikiwa peke yangu niliyasukuma meno ndani kwa kidole gumba, kidole kile kile kilichoyatoa. Siku ya sita ulimi uliniambia kwamba jino moja la mbele limeanza kutoka. Jumamosi ile nilikuwa nawasomea wazazi barua ya tonton, mjomba wangu, na mama akafurahi: “Leo anasoma muzuri, kila neno iko wazi.”

Papa akaweka kikombe chini. “Plaki iko wapi?”

Nikamweleza yote. Nilingoja kofi. Papa akasukuma kikombe kando, akasema: “Bon. Koko asijue hii maneno. Atajilaumu mpaka kufa.”

Jumatatu akanipeleka kwa daktari kijana, kwa sababu bila resini ya kabati lile meno yangu yangerudi mbele yote, na papa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nililazwa kwenye kiti. Daktari aliingiza kioo, akayagusa meno moja moja, akakawia. Akauliza kwa Kifaransa ni nani aliyefanya kazi hii.

Papa alikuwa nyuma yake kwenye karai, na vyombo mkononi. “Daktari aliyekutangulia, monsieur.”

Kijana akasema yule mzee alikuwa na mikono ya ajabu, kwamba ni nadra kuona meno ya mtoto yaliyosogezwa vizuri namna hii. Akakubali kutengeneza plaki mpya, akatoa ufunguo. Akamwambia papa akoroge plasta, kisha asimame karibu na atazame kwa makini, huenda akajifunza kitu.

“Oui, monsieur,” papa akasema.

Nilitaka kusema ni yeye. Kinywa changu kilikuwa kimejaa tena kioo na vidole vya daktari, na papa, juu ya bega la daktari, alikuwa ananitazama na kutikisa kichwa polepole: hapana. Nilimpenda papa wakati ule mpaka machozi yakanitoka. Daktari akadhani ameniumiza, akaniomba radhi.