Pua ya Wifi

Watu walimwita Mama Povu, jina ambalo wanawe wawili, walioshaoa na kuhama, hawakulipenda hata kidogo. Yeye mwenyewe hakuona ubaya. Alikuwa mpishi wa bia. Aliianza kazi hiyo katika maabara ya kiwanda kikubwa, akiwa na koti jeupe, akinusa na kuonja bia ileile moja ambayo ilitakiwa leo iwe sawasawa na jana. Alipochoka kuwa mlinzi wa usawa huo aliacha kazi, akakodi na mumewe jengo ambalo zamani lilikuwa la dobi wa mashine. Walilipendea sakafu yake: ilikuwa na mifereji mizuri ya kupitisha maji, na kupika bia, sehemu kubwa, ni kazi ya kuosha vyombo.

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliunda matangi kwa mkono wake. Upande wa mbele waliweka mabenchi na kaunta ya mbao, wakafungua kila Ijumaa na Jumamosi alasiri. Bia zao zilikuwa tatu, zote kali, zote za kunywewa kwa glasi ndogo. Nyeusi iliitwa Bibi Mkali. Nyekundu iliitwa Shemeji, kwa sababu ilichangamka haraka na kila mtu. Ya tatu, ya rangi ya dhahabu, ndiyo iliyozishinda nyingine kwa nguvu. Iliitwa Kaa Chini, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mtu mmoja wa familia hakuwahi kukanyaga pale. Ni wifi yake Mama Povu, dada mkubwa wa mumewe, mshonaji wa sare za shule aliyekuwa na chumba cha vyerehani mtaa wa pili. Pombe ilimla mume wa huyo wifi taratibu, miaka mingi, mpaka ikammaliza. Hakugombana na mtu kuhusu kiwanda chao kidogo. Akipita njia ile alivuka tu barabara na kutembea upande wa pili.

Kisha Mama Povu akaugua mafua mazito yaliyomlaza kitandani. Wifi akaja, kama alivyokuja kila alipohitajika, na chupa ya supu na maneno yake. Siku ambayo mgonjwa alipata nguvu ya kusimama, wifi aliingia jikoni akamkuta anafuta sahani huku moshi umetanda.

"Wifi! Unapika au unachoma nyumba?"

Maziwa yalikuwa yamekauka na kuwa mkaa ndani ya sufuria, hatua moja kutoka alipokuwa. Mama Povu akashtuka, akazima jiko, akacheka kidogo. Wifi hakucheka. Alichukua kitunguu, akakikata vipande viwili, akamwekea kimoja chini ya pua.

"Nusa."

"Nimenusa."

"Umenusa nini?"

Mama Povu alivuta pumzi tena. Machozi yalimtoka kwa ukali wa kitunguu, lakini puani hakukuwa na kitu. "Maji," akasema mwishowe. "Kama maji tu."

Daktari alisema pua huenda ikarudi, huenda isirudi, na kwamba hakuna dawa ya kuiharakisha. Mama Povu alirudi kiwandani, akajimiminia Bibi Mkali iliyokuwa imeiva tangini. Ulimi ulimwambia chungu na tamu, koo likamwambia moto. Basi. Kile kilichokaa katikati, ambacho ndicho alichokifanyia kazi maisha yake yote, kilikuwa kama muziki unaopigwa nyumba ya jirani: alijua upo, hakusikia wimbo.

Mumewe hakuwa msaada. Moshi wa kuchomelea ulishaiua pua yake zamani. Kila bia aliyopewa alisema, "Iko sawa." Wateja nao si watu wa kuwategemea, wengine hunywa kwa adabu, wengine kwa kiu. Ndipo Mama Povu alipokumbuka mtu aliyeweza kuingia kwenye chumba na kujua, kwa harufu tu, ni nani aliyetoka. Alikwenda kwenye chumba cha vyerehani, akakaa kwenye kigoda cha kupimia wateja, akasema shida yake.

Wifi aliendelea kukunja pindo. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua, wifi. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma mdogo wako."

"Basi niache nishone."

Zilipita siku kadhaa. Asubuhi moja Mama Povu alisikia mlango wa kiwanda unagongwa, akamkuta wifi kasimama nje ya kizingiti, mkoba kwapani, uso kama anakwenda mahakamani. "Nitanusa. Ikibidi nitaweka mdomoni na kutema. Na nisimwone mtu ananicheka."

Alianza na ile nyeusi. Alifumba macho, akanusa, akasogeza glasi mbali, akairudisha. "Mkate," alisema. "Si katikati yake. Lile ganda la chini, lililoshika tanuri likaungua kidogo. Halafu zabibu kavu. Halafu kuna kiatu kipya hapa, cha ngozi." Akaweka kidogo mdomoni, akatema kwenye ndoo. "Inaacha majivu. Lakini majivu masafi, ya kuni kavu."

Mama Povu alijikuta ameshika meza kwa mikono miwili. Maabara walitumia maneno ya kitabu, na aliyajua yote. Haya ya wifi yalimfungulia mlango. Aliiona bia yake.

Shemeji, wifi alisema, ilinukia maganda ya chungwa yaliyosahauliwa dirishani yakapigwa na jua, na chini yake asali, na mbali kabisa nguo iliyotoka kupigwa pasi. Alikuwa ameanza kuifurahia kazi, inaonekana, kwa sababu alivuta ya tatu mwenyewe bila kuambiwa. Aliinusa Kaa Chini mara moja, akaiweka mezani.

"Hii ni koti la marehemu," alisema.

Mama Povu akaanza kuomba radhi. Wifi akainua mkono.

"Sikusema ni mbaya. Ni lile koti la mwanzo, tulipokuwa wachumba. Ndizi mbivu, karafuu, na joto la mtu aliyetembea haraka ili asikucheleweshe." Alizungusha glasi mezani. "Nilidhani ile harufu yake ya mwisho ndiyo iliyobaki peke yake kichwani. Kumbe hata hii ipo."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Mama Povu aliamini hatamwona tena pale. Wiki iliyofuata alirudi, amevaa aproni aliyojishonea, yenye mfuko wa leso.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi. Mama Povu alipima joto, akakoroga kimea kwenye maji ya moto, akahesabu kileo. Wifi alinusa na kutema. Maneno yake yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa kaunta, na wateja waliokuwa wakisema tu "nzuri" walianza kubishana kama wanalipata ganda la mkate kabla ya zabibu au baada. Mwalimu mmoja mstaafu aliapa kwamba kiatu anachokisikia yeye kimeshavaliwa.

Siku moja wifi alinusa tangi jipya la Kaa Chini, akakunja uso. "Kitambaa cha jikoni. Kililala na maji."

Mama Povu alipima upya. Vipimo vyote vilikuwa safi. Alimwita mumewe, naye akaonja. "Mbona iko sawa?"

"Wewe hata tairi likiungua utasema liko sawa," wifi akamjibu. Kisha akamgeukia Mama Povu, sauti ikiwa imeshuka. "Bia ni yako, wifi. Mimi nimesema ninachonusa."

Ijumaa ilikuwa inakuja na watu waliisubiri bia ile. Mama Povu alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Miaka yote yeye ndiye aliyesema ndiyo au hapana, na hakuna aliyerudia kunusa baada yake. Sasa alitakiwa kumwaga kazi ya majuma kwa neno la mtu ambaye hakuwahi kumeza tone. Alijisogeza kwenye bomba la chini, akanusa, akanusa tena. Maji. Akafungua.

Bia ilikimbia kwenye mifereji ya dobi, ikatokea barabarani na povu jeupe, na wapita njia wakapiga kelele za maombolezo. Wifi, ambaye kwa miaka mingi angefurahi kuona pipa lolote la pombe likimwagwa, alisimama akitazama, leso mkononi.

"Pole, wifi," alisema. "Ilikuwa kazi."

Mume alifungua mabomba yote siku hiyo, akakuta mpira wa kiungo kimoja umepasuka, ndani yake utando mweusi. Aliuleta, akauweka juu ya kaunta, akaenda kununua mwingine.

Pua ya Mama Povu ilirudi kwa kusuasua, tena ikiwa imepinda: kwanza kahawa ilinuka mpira, na sabuni ilinuka samaki. Baada ya mwaka na zaidi alikuwa na nusu yake, na daktari alimwambia ashukuru. Aliijaribu Kaa Chini akiwa peke yake. Haikuwa ile aliyoiacha. Kidogo kidogo, kwa kila "hii inakimbilia kooni" na "hii iache ilale kidogo" ya wifi, ilikuwa imetulia, karafuu zimekuja mbele, moto umekaa nyuma ukisubiri. Alisikia wivu kidogo, kisha akajimiminia nyingine.

"Hii si bia yangu," alimwambia wifi walipokutana.

"Ni ya nani?"

"Yako."

"Mungu anisamehe," wifi akasema, akacheka mpaka akakaa.

Siku hizi wifi hufunga vyerehani mapema Ijumaa na kukaa mwisho wa kaunta. Aliweka sharti moja, na Mama Povu alilikubali bila kuuliza: yeye ndiye anayeamua nani ametosheka. Wiki iliyopita mtu mmoja mnene, mwenye sauti, aliomba glasi nyingine. Wifi alimtazama usoni, akamwekea maji.

"Imetosha, baba. Nani anakusubiri nyumbani?"

Mtu yule akafikiri, kana kwamba hajaulizwa swali hilo siku nyingi. "Mama watoto," akasema.

"Basi nenda ukiwa bado unajua njia."

Akanywa maji yake, akaenda. Wifi alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona. Kisha akavuta kwake glasi ya bia mpya wanayoijaribu, akainusa, akatikisa kichwa.

"Mdalasini umezidi."

Mama Povu akainusa naye. Hakupata mdalasini wowote. Akaenda kuupunguza.