Pikipiki Niliyoifungua Mwenyewe

Pikipiki ya mjomba ilikuwa ndogo, ile ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli, na alikuwa ameifunga kwa makusudi. Kati ya injini na ekzosi alipachika kipande cha bati chenye tundu la kupitisha kidole kimoja, moshi usitoke wote, injini isipate pumzi. Hata ukivuta mafuta mpaka mwisho, baiskeli ingekupita. "Mwendo unaua," alikuwa akisema. Mwongo mkubwa! Alijua nikipata mwendo sirudi.

Mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Alinilea tangu mama, dada yake, alipofariki, akanifundisha ufundi hapo hapo karakanani kwake Isongole, mpakani na Malawi, na macho yake yalipoanza kufifia kazi yote ikawa yangu. Nilimpenda mzee yule, na nilikuwa nakaribia kupasuka. Kila asubuhi nawaona watu wa Malawi wakivuka na mizigo yao, jioni wanarudi kwao, mimi nipo tu na spana mkononi.

Ndipo dereva mmoja wa malori ya Zambia, niliyewahi kumtengenezea kitu, akatuma salamu: utingo wake ameacha kazi, yuko tayari kunichukua, ila kesho saa nne asubuhi anavuka mpaka pale Tunduma. Nikichelewa anachukua mwingine. Nikamwomba mjomba ruhusa.

"Uende, halafu mimi nishike spana kwa macho gani?"

Tukaishia hapo. Na gari la Tunduma siku iliyofuata halikuwepo. Kulipopambazuka, yeye akiwa kwenye ibada ya asubuhi, nikafungua ekzosi, nikang'oa lile bati, nikapanua tundu la moshi kwa tupa, na kwenye kabureta nikaweka jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kubwa zaidi. Nikapiga kiki. Wee! Ilinguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Milima niliyozoea kuipanda nikisukuma, niliipanda nimekaa. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu. Kwa mwendo ule, saa tatu ningekuwa Tunduma.

Ukaja mteremko mrefu. Sisi wa milimani mafuta hatuyachezei: ukianza kushuka unafunga koki ya petroli, unaacha gia iko ndani, pikipiki inajishukia yenyewe. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi mno, na mkono ukaenda kwenye koki kabla akili haijaamka. Fundi mzima! Injini ile oili yake inakuja na petroli. Ukifunga koki umeinyima vyote viwili. Zamani, kwa kuwa ilikuwa haipati moto, ilikuwa inasamehe. Sasa ilikuwa inachemka kama kikaango. Katikati ya mteremko gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, nikaenda chini na vumbi. Imenoki, injini imekamatana kwa kukosa oili.

Nilikaa kando ya barabara mpaka saa nne ikapita. Lori lilikuwa limeshavuka. Nikatoa gia, nikaanza kuisukuma kurudi mlimani, kwa sababu pikipiki ya mtu huwezi kuitupa.

Mjomba alikuwa mlangoni na wateja watatu. Nilijiandaa kwa fimbo, na nilizitaka hasa. Angenipiga, ningeondoka kwa miguu siku ile ile. Akachuchumaa, akaniambia nifungue ekzosi, akalipapasa kwa kidole lile tundu nililolipanua, taratibu, mzunguko mzima. Akauliza imefika wapi kabla ya kunoki. Nikamtajia.

"Kwa muda gani?"

Nikamwambia. Akawageukia wateja, uso umechanua.

"Mnasikia? Huyu ndiye mpwa wangu. Leteni na zenu, atawafungulia zote."

Kufikia jioni pikipiki sita zilikuwa zimepangwa uani, wenyewe wakiniita fundi mkuu, kila mmoja na safari yake ya mbali. Mjomba akaniwekea mkono begani.

"Hapa ni kwako sasa, mwanangu. Hata nikifa, karakana ni yako."

Nikasema asante, mjomba. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilitamani angenipiga.