Aliyesindikiza Mabinti wa Wenzake

Siamini bado. Leo nimeamka nikashika simu nimpigie Kyengo, nimuulize kama tuko na booking Jumamosi. Ndio nikakumbuka Jumamosi hii tunamzika yeye mwenyewe, kule shambani kwake Mashuuru.

Kwa wasionijua, mimi ni bassist wa bendi yake hapa Kitengela, tangu enzi zile nilikuwa na nywele. Kwa wasiomjua Kyengo, basi hamjawahi kualikwa harusi Kajiado.

Jana kamati ya mazishi ilinituma kwa binti yake, Mumbua, nimwombe ruhusa tupige "Nakusindikiza Mlangoni" pale kaburini. Bila ruhusa yake hakuna mtu angethubutu. Nitawaambia alivyonijibu, lakini kwanza mjue kwa nini niliogopa kwenda kwake.

Ule wimbo mnaujua. Baba anamwimbia binti siku ya kuolewa, anamwahidi kumshika mkono mpaka mlangoni. Gitaa ni la Kikamba, verse ya mwisho ni ya Kimaasai. Kabla ya huo wimbo, Mkamba akioa kwa Wamaasai, wakwe walikaa kila mtu upande wake wakiangaliana kama watu wa foleni ya hospitali.

Kyengo akiuanza, susu wa Machakos na koko wa Isinya, nyanya wa pande zote mbili, wanashikana mikono na kuingia uwanjani. Mzee mmoja wa Kimaasai alimkumbatia Kyengo akamwambia, "Sidai oleng! Vizuri sana! Sasa hawa ni watu wetu." Hiyo kazi ilikuwa imewashinda chifu na pasta.

Sasa niseme na ile ingine. Najua mtajaa kwa comments kuniambia marehemu hasemwi vibaya. Nyinyi hamkuishi naye.

Huyu jamaa alitunga wimbo wa uvumilivu katika ndoa akiwa chini ya kitanda changu. Sitanii, jameni. Mke wake, Mama Mumbua, alikuwa amesimama kwa gate yangu akimtafuta, maana mzee alikuwa ametoroka nyumbani na dada mmoja wa backing vocals. Mama Mumbua alipoondoka, Kyengo akatambaa kutoka huko chini na vumbi kwa ndevu na chorus mpya mdomoni.

Na chorus yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

Kwa mke wake hakurudi. Mama Mumbua alihamia Embulbul na mtoto, akamlea peke yake. Kyengo alikuwa anamwona binti yake kwa status, anaweka emoji ya moyo, anaendelea na soundcheck.

Halafu Mumbua akaposwa, na akamwalika baba yake. Niliomba off kwa bendi, mara ya kwanza maishani. Kyengo akaniambia, "Wewe enda ukae huko mbele, mimi nakuja. Si unaona nimeshona suti?"

Suti kweli alikuwa ameshona. Asubuhi hiyo aliivaa vizuri, akaenda Oltepesi kumwimbia binti wa mheshimiwa fulani "Nakusindikiza Mlangoni."

Kule Embulbul DJ hakujua lolote. Bibi harusi alipotokea mlangoni, DJ akaweka wimbo gani? Huo huo! Sauti ya Kyengo ikajaa kanisa zima ikimwahidi binti yake mkono, na mkono wenyewe haupo. Mashangazi walilia mpaka makeup ikafika shingoni. Mimi nilikaa pale nikisikia bass yangu mwenyewe na kutamani ardhi ipasuke.

Mumbua alipofika nilipokaa, aliinama akaninong'oneza, "Uncle, daddy ako wapi?"

Nikaonyesha spika.

Sijui nilishikwa na shetani gani. Msichana aliangalia ile spika, akaniangalia mimi, akacheka mpaka shela ikateleza. Kisha akalia. Kisha akajipangusa na kutembea peke yake mpaka mbele.

Nilimkasirikia Kyengo miezi mingi. Tulikuwa tunapiga show nikiwa nimempa mgongo, mafans wakidhani ni style.

Siku moja alileta ile video ya harusi kwangu, akaitazama yote mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Hiyo bass si ilikuwa chini kidogo?" Halafu akaingia chooni akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakuomba msamaha, si kwangu, si kwa Mumbua.

Basi jana nikafika Embulbul. Mumbua alikuwa anakaanga chapati, mtoto wake mdogo mgongoni. Nikamweleza ombi la kamati: wimbo upigwe, yeye akae mbele na familia, na kwenye eulogy Kyengo aitwe "baba mwenye upendo."

Aligeuza chapati kwanza.

"Uncle, wimbo pigeni. Huo si wake peke yake. Hata huyu mtoto wangu, nisipomwimbia huo hapati usingizi. Lakini hiyo ya baba mwenye upendo, toeni. Sitaki kusimama hapo nikiskia uongo."

"Na utakuja?"

"Nitakuja. Lakini nitakaa kwa tent ya mafans. Huko ndio mimi nilimjulia."

Nilikula chapati nikilia, na hata sioni haya kuandika hivyo. Nilipompigia chairman wa kamati, akalalamika, "Sasa tutaandika nini?" Nikamwambia aandike kwamba aliimba vizuri, hapo hakuna atakayebisha.

Kyengo, mjinga wewe, nilikupenda sana. Sitaacha kupiga nyimbo zako, na sitaacha kusema ulichomfanyia binti yako.

Mumbua anakuja Jumamosi. Mara hii usiende mahali.

Lala hapo hapo, ndugu yangu. Salama.