Nozeli za Mkwe

Ukitaka kumjua Zabron usihangaike na uso wake, maana uso wake muda wote umeingia ndani ya injini ya mtu. Angalia kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto. Kina kovu jeupe, dogo kuliko punje ya mtama. Miaka tisa iliyopita, akiwa bado mbishi, aliweka kidole mbele ya nozeli iliyokuwa inapimwa ili aonje nguvu yake. Dizeli ikapenya ngozi kama sindano ya muuguzi na nusura wamkate kidole. Tangu siku ile Zabron anaziheshimu nozeli kuliko anavyowaheshimu madiwani, na kuanzia Soni mpaka Lukozi mwenye lori linalotoa moshi mweusi huambiwa neno moja tu: mpelekee Zabron.

Sifa ya namna hiyo ni tamu mpaka siku unapotaka kuondoka.

Na Zabron alitaka kuondoka. Mansuri, mwenye gereji kubwa kule Tanga, alikuwa ameleta mashine ya kupimia pampu na nozeli, mashine ambayo Zabron ameiota tangu ajue kushika spana, na alimtaka yeye aiendeshe. Aripoti Jumatatu ya kwanza ya Julai. Asipotokea, kazi inachukuliwa na fundi wa Korogwe. Rahabu mkewe alikubali. Binti yao Loveness, wa miaka sita, alikubali pia, kwa sharti kwamba bahari iwepo.

Kilichobaki ni lori la baba mkwe.

Mzee Stephano, baba yake Rahabu, ameteremsha kabichi na viazi Mombo kwa miaka arobaini na kupandisha saruji na mabati. Mwezi wa tatu lori lake lilikufa kwenye kona za juu ya Mombo, pistoni mbili zimetoboka, na likavutwa mpaka Lushoto, kwenye banda la Zabron chini ya mikaratusi. Wiki chache baadaye kikakaa kikao cha familia kuzungumzia safari ya Tanga. Zabron akaulizwa ataondoka lini. Akasimama mbele ya mashemeji, mbele ya mchungaji, akasema kwa kinywa chake mwenyewe, "Siondoki mpaka lori la baba litembee." Hakuna aliyemshika shati. Alisema kwa kutaka kusifiwa, na kweli alipigiwa makofi. Hapo ndipo alipojifungia mlango na ufunguo akautupa nje ya dirisha.

Kazi aliifanya, tena kazi safi. Silinda zilichongwa, zikaingia pistoni mpya na ringi mpya, valvu zikasagwa mpaka zikakaa. Mwishoni mwa Juni injini ilikuwa imebakiza nozeli sita tu, moja kwa kila silinda. Nozeli ni kitu cha kufumbata kiganjani, lakini ndiyo inayomwaga dizeli ndani ya silinda kama umande. Ncha yake ina matundu usiyoyaona bila kuyaelekeza kwenye mwanga. Injini ya Mzee Stephano inataka matundu manne, yanayomwaga dizeli katikati ya pistoni, kwenye kibakuli chake. Ukiweka ya matundu matano yenye mwaga mpana, mwili ni uleule, itaingia bila ubishi na injini itawaka. Lakini dizeli itapiga ukingoni mwa pistoni, na siku ya kupanda na mzigo pistoni itatoboka tena.

Zabron aliandika namba kwenye karatasi. Mzee akasema ataenda Tanga mwenyewe. Alirudi Jumanne, akaja gerejini amevaa koti lake zito, akamkabidhi mkwewe furushi.

"Nimekuletea mwenyewe, baba Loveness."

"Ahsante sana, baba. Umesumbuka."

Zabron alipokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Alikulia Mgwashi, kwenye nyumba ambamo mkwe anaheshimiwa hivi: akikupa kitu unapokea, unashukuru, hukifungui mbele yake, na kukirudisha ni sawa na kumtukana. Ukiwa na mkwe hamgombani, hamtaniani, wala hamkai benchi moja. Hata neno "umekosea" halina njia ya kupita kati yenu.

Mzee alipoondoka, Zabron akafungua. Namba haikuwa ile. Akafunga nozeli moja kwenye pampu yake ya mkono, akashika kipande cha mfuko wa saruji mbele yake, mbali na vidole, akabonyeza mara moja. Kwenye karatasi yakatokea madoa matano, yametawanyika kama vidole vya mtu anayekataa kupokea kitu. Akajaribu ya pili. Matano. Zote sita, matano.

Akakaa juu ya tairi akapiga hesabu.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi na mbaya. Akizifunga, lori litatembea, ahadi itatimia, naye atakuwa Tanga siku mkwewe anapandisha saruji na injini inakufa chini yake kwenye kona. Asipozifunga, itabidi aseme kwa nini. Na akikaa kimya tu bila kufanya lolote, Jumatatu inakuja na mtu wa Korogwe anapanda basi.

Kwa hiyo akafanya wanachofanya watu wazima wengi wenye akili: akapoteza muda. Jumatano aliosha injini iliyokuwa safi. Kila asubuhi saa tatu mzee alikuja, akakaa juu ya pipa upande wa pili wa banda, ukungu nyuma yake, mikono juu ya fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kazi inaendaje?"

"Inaenda vizuri, baba."

"Usiharakishe, mwanangu. Kazi ya haraka si kazi."

Mzee anakaa saa nzima, haulizi kitu kingine, anaondoka. Zabron alianza kuuchukia ukungu ule, pipa lile, hata sauti ya fimbo kwenye changarawe. Milima ambayo wageni huja kuipiga picha yeye aliiona kuta. Barabara ya kushuka ni ile moja, na katikati yake alikuwa amekaa mzee mmoja mpole asiyeweza kuambiwa kitu.

Jumatano jioni alimwomba Rahabu. Binti anaweza kumwambia baba yake yale ambayo mkwe hawezi. Rahabu alikuwa anamenya viazi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nikamwambie tate kwamba hajui kusoma namba?"

"Mwambie muuza duka ndiye aliyekosea."

Rahabu akaenda, akarudi kabla viazi havijaiva. "Amesema fundi ni wewe. Amesema funga hizo hizo, na kama hazifai, ukae nazo mpaka zifae."

"Nozeli hazibadiliki kwa kukaliwa, mama Loveness!"

"Mimi nimetumwa, nimeleta majibu," Rahabu akasema. Lakini alisema huku akitazama pembeni, na Zabron akadhani amekasirika.

Alhamisi akapata alichodhani ni akili. Ataagiza nozeli sahihi kwa siri, zije na basi, azifunge, na mzee asijue maisha yake yote. Akampigia Omari, muuza vipuri wa Tanga, akamsomea namba.

"Ndugu yangu umechelewa," Omari akasema. "Namba hiyo nilikuwa na seti moja tu. Imechukuliwa Jumatatu na mzee mmoja wa huko huko kwenu. Kavaa koti zito, Tanga hii ya jua!"

Zabron akaibana simu sikioni.

"Halafu mzee mwenyewe ana mambo," Omari akaendelea. "Kachukua na seti nyingine, ya matundu matano. Nikamwambia, mzee wangu, hizi zitakuulia injini. Akasema, najua, mwanangu, nifungie mbalimbali."

Simu ilikatika au Zabron aliikata, hakumbuki. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akafungua kisanduku cha chini ya kiti cha dereva, ambako kwa miaka arobaini Mzee Stephano ameweka koti la mvua na kitabu cha nyimbo. Chini ya kitabu cha nyimbo kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki. Ndani, nozeli sita. Hakuhitaji pampu wala mfuko wa saruji. Namba ilikuwa ile aliyoiandika kwa mkono wake.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Siku mbili amekosa usingizi kumstahi mtu ambaye anamchezea! Alitaka kwenda nazo mpaka mlangoni kwa mzee, azimwage mezani moja moja, adabu ikafie mbele. Akafika hadi barabarani.

Pale barabarani akamwona Loveness, ametoka shule, anapita upande wa pili na sare yake ya zambarau bila hata kugeuka kutazama gereji. Alikuwa anaelekea kwa babu yake kula mchana, kama kila siku tangu bibi yake afariki miaka miwili iliyopita. Huko kutakuwa na bada, ugali wa muhogo, na mboga, na mzee atakuwa amemenya peasi na kumwekea kwenye sahani ya bati. Watoto wengine wa Mzee Stephano wako Arusha na Dar es Salaam, wanapiga simu Krismasi. Aliyebaki ni Rahabu. Rahabu na mtoto huyu.

Zabron akasimama na furushi mkononi. Mzee hakuwa anamchezea. Alikuwa anaomba, kwa njia pekee aliyoachiwa, maana kama kuna jambo gumu kuliko mkwe kumwambia baba mkwe amekosea, ni baba mkwe kumwambia mkwe tafadhali usiende. Walikuwa wamefungwa na kamba moja, huyu mwanzo wake na yule mwisho wake, na Zabron siku zote alidhani ni yeye peke yake.

Ni rahisi kusema angebaki. Alilifikiria hilo Ijumaa nzima. Angezifunga zile za matundu matano, akawasha mara moja, akatikisa kichwa, "Baba, bado haijakaa sawa." Wiki moja. Nyingine. Mtu wa Korogwe angechukua mashine, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliishika nozeli mbaya, akaielekeza kwenye tundu lake juu ya silinda ya kwanza, na mkono ukagoma. Sisemi kwamba ni mtu mwema kuliko wengine. Nasema tu kwamba miaka tisa ya kufunga kitu kilicho sawa imemharibu, hawezi tena kufunga kisicho sawa hata pale kinapomfaa.

Jumamosi asubuhi alifunga za matundu manne. Zile za matano alizikunja ndani ya karatasi ileile ya kaki, mikunjo ileile, akazirudisha chini ya kitabu cha nyimbo.

Saa tatu mzee akaja. Zabron hakusubiri kuulizwa.

"Shikamoo, baba. Iko tayari kuwashwa."

Mzee alimtazama kidogo, halafu akapanda, akakaa, akapiga stata. Injini ilizunguka mara mbili, ikashika. Moshi mweupe kidogo, halafu eksozi ikawa haina kitu, hewa tupu inayotetemeka. Silinda zote sita zilikuwa zinaongea kwa sauti moja. Mzee Stephano hakuhitaji kuambiwa. Amezisikiliza injini miaka mingi kuliko umri wa mkwewe. Zabron alimwona akipeleka mkono chini ya kiti polepole, ukakaa huko, ukapapasa. Karatasi ilikuwepo. Akaitoa, akaifungua magotini, akaielekeza nozeli moja kwenye mwanga wa mlango. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu matundu matano.

Akazima injini.

"Imepona," akasema.

"Imepona, baba."

"Basi Jumatatu nitawapeleka Mombo mwenyewe."

Wala hakikusemwa kingine. Zabron alijiingiza chini ya lori akajifanya anakaza nati.

Jumatatu alfajiri walishuka, mizigo nyuma pamoja na kabichi, Loveness katikati akiuliza habari za bahari mpaka Soni, halafu akalala juu ya mkono wa babu yake. Mzee alibadilisha gia kwa uangalifu ili asimwamshe. Rahabu alitazama dirishani njia nzima. Kumbe siku ile ya viazi alijua baba yake anafanya nini, au alihisi, na Zabron hakumuuliza.

Mombo kulikuwa na joto. Mizigo ikapakiwa kwenye basi la Tanga. Mzee alikuwa ameshashusha kabichi na kupakia saruji ya kupandisha, mifuko mia na hamsini. Kabla hajapanda lori alimwita mkwewe pembeni, akatoa mfukoni mwa koti lake kile kifurushi cha kaki.

"Mrudishie yule kijana wa dukani," akasema, macho yake kwenye tairi. "Mwambie mzee alikosea namba."

Zabron akapokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema kitu. Adabu haikuwa na neno lake.

"Nitamwambia, baba."

Mzee akapanda, akawasha, akaingia barabarani. Basi lilikuwa linapiga honi na Rahabu anamwita, lakini Zabron hakusogea. Lori liliikuta ile kona ya kwanza ya mlima, ile iliyoliua mwezi wa tatu, na mzee akashusha gia. Hapa ndipo injini husema ukweli. Zabron akatega sikio na furushi likiwa kifuani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba injini aliyoifunga kwa mikono yake ikohoe, hata mara moja tu, apate sababu ya kukimbia kuifuata.

Haikukohoa. Ilipanda na saruji yake, safi, bila moshi, kona baada ya kona, mpaka asiisikie tena.