Magoti ya Nekesa

Mwanangu, nakumbuka siku moja shuleni kwetu Mundika, na kila nikiikumbuka moyo unachemka, ingawa Mungu amenipa miaka mingi ya kutulia.

Darasani aliletwa msichana, Nekesa. Baba yake Mkhayo, kabila la huko Mundika, mama yake Muganda, naye alikuwa amelelewa na bibi yake ng'ambo ya mpaka. Kiswahili hakujua. Mwalimu alipomwita jina, alitoka kwenye dawati akapiga magoti sakafuni kabla ya kuitika, maana kwa kina mama yake msichana humwamkia mkubwa hivyo. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, na hilo ndilo linaniuma.

"Simama, mama," akasema. "Hapa si kwa mfalme wenu Kabaka."

Wakamwita Magoti. Wiki haikuisha, akaacha shule, akaonekana mpakani akiuza ndizi.

Babu yangu alikuwa katekista. Nilipomsimulia, aliusukuma ugali kando. Asubuhi akaenda shuleni, akasalimia vizuri, kisha akauliza, "Mwalimu, Jumapili unapiga magoti mbele ya nani?"

"Mbele ya Mungu, mzee."

"Kuna anayekucheka?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Babu akaendelea:

"Heshima si utumwa. Mtoto amekuja na lugha yake na adabu yake, wewe ukaona tu Kiswahili alichokosa. Umfuate mwenyewe. Umfundishe kuanzia neno analolijua."

Mwalimu alikwenda, akamrudisha shuleni. Kila jioni alikaa na Nekesa: mtoto anataja kitu kwa Kiganda, mwalimu anakitaja kwa Kiswahili. Namshukuru Mungu, mwisho alituzidi sote. Lakini hakupiga magoti tena, hata mbele ya bibi yake aliyemlea. Bibi akawa anaamkiwa kwa mkono, kama mgeni.

Juzi hapa Malaba nimesikia mjukuu wa jirani, ambaye mama yake ni Mteso wa upande wa Uganda, amekalishwa nyuma kabisa. Eti lugha nyingi zimemchanganya kichwa. Zimemchanganya? Mtoto anaomba maji kwa lugha tatu, na anayemhukumu ana mbili za kubabaisha! Ni uvivu huo, tena ni dhambi.

Kwa hiyo mwanangu, ukiwa mwalimu, au jirani tu mwenye jioni moja ya bure, kaa na mtoto wa namna hiyo. Mwongezee Kiswahili bila kumnyang'anya lugha ya mama yake. Na wenzake wakimcheka, usicheke nao, maana kicheko cha mkubwa hakifutiki.

Mungu akupe ulimi wa subira, na watoto wako wasalimie bibi zao bila aibu, pande zote mbili za mpaka. Amina.