Nilisema Sijagusa Waya

Kosa ni langu. Sitalaumu vumbi ya Lodwar, wala macho, wala uzee. Mkono wangu uliharibu, mdomo wangu ukamalizia.

Ninaishi na mjukuu wangu Akiru, mwanamke mzima mwenye kazi yake. Chumbani kwake kuna sanduku jeusi la kuweka mafaili, linanguruma kutwa. Aliniambia ndani ya sanduku hilo kuna kompyuta zingine zisizo na mwili, zinakaa humo kama watoto tumboni. Nikamwambia aache kunichezea. Kumbe kweli!

Moja ya hizo ilikuwa ya Deng. Deng ni mtu wa Sudan Kusini, anakaa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na alitaka kumwoa Akiru. Alikuwa amerekodi masomo ya wasichana wa kambini kwa sauti yake mwenyewe, miezi mingi. Siku moja kabla ya kosa langu alikuja akaweka mashine yake hiyo na masomo yote kwa sanduku letu, akafuta diski yake ili arekodi mengine, akarudi Kakuma. Alituamini.

Mimi sikumpenda. Nasema wazi. Nilitaka mtu wa kwetu, wa kuleta ng'ombe tunajua zimetoka boma gani.

Asubuhi nikaingia kufagia. Tundu la waya wa mtandao, nyuma ya sanduku, lilikuwa limejaa vumbi. Nikachomoa waya, nikaupangusa. Kando kulikuwa na tundu lingine, sura ile ile, safi. Nikauchomeka hapo. Taa ya kijani ikawaka. Nimefunga mbuzi maisha yangu yote. Kigingi hiki au kile, bora kamba ishike. Nikaenda kuweka chai.

Sijamaliza kikombe, Akiru akaanza kulalamika. Walimu wa kambini walikuwa njiani kuja kuona hayo masomo. Wakiridhika, wangeyachukua.

"Mafaili yanafunguka," alikuwa anasema peke yake. "Sanduku linaitika. Kwa nini mashine za ndani haziitiki?"

Akazima, akawasha. Akabadilisha namba za mtandao. Wapi! Akampigia Deng, simu akaiweka sauti ya nje.

"Kuna mtu amesogeza waya?" Deng akauliza.

Akiru akanigeukia. "Nyanya, umegusa hapa nyuma?"

Hapo ndipo! Neno moja tu nilidaiwa!

"Mimi? Mimi nicheze na umeme? Muulize huyo wako, si yeye alikuwa hapa jana?"

Akiru akarudi kwa simu. "Waya iko, taa inawaka, hakuna mtu amegusa. Deng, ni hii mashine yako. Inagombana na zingine."

"Haiwezi."

"Jana kabla uiweke, zote zilikuwa sawa!"

"Akiru, ngoja kwanza..."

"Ningoje nini? Wageni wamefika Lodwar!"

Akakata simu. Akaifuta ile mashine ya Deng. "Ataileta tena, si anayo kwa diski," akasema. "Wageni waone kwanza kazi ya mashine zingine." Hakujua diski imefutwa. Mimi nilijua! Deng aliniambia jioni ile alipokuja, nikimpa chai, na sikufungua mdomo.

Hata baada ya kuifuta, mashine zingine hazikuitika. Walimu wakakaa, wakanywa soda, wakaenda. Ndipo Akiru akavuta sanduku akaangalia nyuma. Akahamisha waya kwa tundu la kwanza, lile ambalo zile mashine zilikuwa zimeunganishwa nalo. Zikaitika papo hapo, zote isipokuwa ya Deng.

Akanitazama. "Nyanya."

"Nini?"

"Hakuna kitu."

Heri angenitukana!

Wiki hiyo nikapanda gari la Kakuma. Deng alikuwa nje ya nyumba yake. "Ejok, haboba," akanisalimu, Kiturkana yetu na neno lao la kumwita bibi.

"Ni mimi niligusa waya," nikamwambia.

Akanivutia kiti. Halafu akasema, "Nilimuuliza Akiru."

"Najua. Nilikuwa nimesimama hapo."

"Haboba, ungesema ndiyo, ningemwambia arudishe. Tungecheka."

Akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza mpaka kwa gari. Kwetu hakurudi tena. Alimwambia Akiru kwa simu kwamba sauti angeweza kurekodi upya, lakini vile alivyoambiwa "ningoje nini" hawezi kusahau. Na maneno hayo ni mimi nilimpa Akiru!

Mama mwenzangu, baba, wewe kijana unayesoma hapa: vitu vya nyumba vinaharibika, hiyo si aibu. Ukiulizwa kama umegusa, sema umegusa, hata kama anayeumizwa ni mtu humpendi. Sema mara ya kwanza. Mimi sijaulizwa kitu tena katika nyumba hii.